Fereti kwenye nyumba ya kupanga: kuziba kila tundu bila kuharibu ukuta

Fereti, mnyama mdogo wa kufugwa nyumbani, ni ndugu wa kicheche. Mwili ni mrefu, mbavu zinanywea, na kichwa kikishapenya mahali, kiwiliwili hakina shida ya kufuata. Jike mzima anaweza kuwa na gramu 700 tu. Kwa hiyo kipimo ni kimoja: tundu lolote linalozidi sentimita 2.5 linazibwa, hata kama unajiambia "pale hawezi kupita". Atapita. Kwa fereti mchanga, shuka hadi sentimita 2.

Nyumba ya kupanga inaongeza sharti lake: siku ya kuhama, kila ulichobandika kibanduke, rangi ibaki ukutani na amana yako irudi. Ndiyo maana lile povu la kupuliza, linalovimba na kukauka, halifai. Haliondoki bila kuchimbua ukuta, na fereti hulitafuna na kulimeza. Silikoni peke yake ni hivyo hivyo.

Soma mkataba kabla ya kununua hata msumari mmoja. "Mnyama mdogo ruksa" mara nyingi humaanisha samaki au ndege, hivyo pata idhini ya fereti kwa maandishi. Muulize pia mwenye nyumba sumu ya panya huwekwa wapi na jengo hupulizwa dawa lini. Kuna sehemu sheria yenyewe inakataza, California na Hawaii zikiwemo.

Sasa sakafuni. Zima taa, lala kifudifudi, washa tochi na uilaze sambamba na sakafu. Nuru ikipotelea chini ya kabati bila kugonga kitu, pale pana njia. Zunguka chumba kizima hivyo, ukibandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye kila tundu, ndipo uchukue futi na kupima. Matundu mengi utayakuta jikoni na bafuni, kule mabomba yanakoingilia.

Jikoni, kinachowaponza wengi ni ule ubao wa chini unaoficha miguu ya makabati. Kwa mbele unaonekana umeziba. Kumbe mara nyingi haufiki kwenye kona, au umeshikwa na klipu za plastiki tu, na ukisukumwa kwa pua mara kadhaa unalegea. Nyuma yake kuna uwazi unaopita chini ya makabati yote hadi nyuma ya jiko na friji. Akiingia humo mkono haumfikii. Ng'oa ubao huo, mulika ndani, tafuta mahali mabomba yanapotoboa ukuta. Hapo ndipo pa kuziba kwanza, maana shimo la bomba linaweza kumfikisha kwenye mkondo wa mabomba ya jengo, na kutoka huko hadi kwa jirani au kwenye sumu ya panya.

Kata vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 6, uchonge nusu duara kwenye kila kimoja, vikutane kulizunguka bomba kama kola ya shati. Kwenye bomba la maji moto acha milimita 3 kulizunguka, kwa sababu hutanuka. Futa ukuta kwa spiriti, uache ukauke kabisa, kisha bandika kwa utepe mnene wa gundi ya pande mbili. Ukuta wa jikoni una mafuta usiyoyaona. Usipoufuta, kola itadondoka baada ya siku chache. Utepe wenyewe nao ni povu, kwa hiyo usitokeze pembeni mwa ubao. Rangi ikiwa ya kupukutika, usibandike kabisa: simamisha kipande na ukibane kwa kijiti cha mbao kilichokatwa sawasawa na nafasi iliyopo kati ya ukuta na mgongo wa kabati.

Siku ya kuhama usivute kola kwa nguvu. Ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja hivi, kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake na ukereze kushuka chini kama unayekata kwa msumeno. Gundi iliyobaki huviringika ukiisugua kwa kidole gumba.

Nyuma ya friji usitumie ubao. Friji inahitaji hewa, na feni yake ni hatari kwa mkia na kwa vidole. Tumia wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 12, usimame pande zote mbili kati ya friji na ukuta. Kunja kingo zake sentimita moja; ncha za waya zilizokatwa huchana nyayo.

Droo humchanganya mgeni wa mambo haya: imefungwa, hata upenyo haina, na fereti amelala ndani. Ameingilia nyuma, akapanda kwa kujikunja kati ya mgongo wa kabati na ukuta. Kufuli ya mtoto mbele haisaidii kitu. Dawa yake ni kuziba chini ya kabati, na hadi hapo, usiifunge droo kwa kuisukuma kwa nguvu kabla ya kutazama nyuma yake. Mashine ya kufulia vivyo hivyo: ingiza mkono ndani ya pipa na ulizungushe kabla ya kila mfuo, hata kama mlango ulikuwa umefungwa. Fereti hupenda nguo chafu zenye harufu yako.

Kiti cha kuegemea kinachokunjuka, au sofa inayogeuka kitanda, kitoke nyumbani. Hapa sina njia ya kati ya kupendekeza. Vyuma vyake hufunga kama mkasi, na mnyama huyu hulala ndani kabisa ya mitambo hiyo. Sofa ya kawaida inavumilika, lakini igeuze uone kile kitambaa chembamba cha chini: atakichana kwa dakika chache, apande ndani ya sponji, na atakayekaa juu hatajua. Sofa ikiwa yako, pigilia plaiwudi ya milimita 4 chini yake. Ikiwa ya mwenye nyumba, fungua miguu ili ikae sakafuni moja kwa moja, au ivike turubai zito lililofungwa kwa kamba.

Milango ina tatizo la pekee. Kile kipande cha raba kinachouzwa kuzibia upenyo wa chini ya mlango ni chakula kwake. Tafuta cha alumini au ubao mwembamba, kiache milimita 10 tu juu ya sakafu. Kama kuna kapeti, jua kwamba mlango ukifungwa atachimba pale pale kizingitini hadi nyuzi zitoke, na hilo ndilo dai la kwanza mwenye nyumba atakaloandika. Laza mkeka wa plastiki ngumu wenye upana wa mlango, upite chini yake na utokeze nusu mita kila upande. Mahali pasipo na mlango, ubao laini wa sentimita 75, usio na pa kukanyaga, unatosha kumzuia.

Watu wengi huishia kwenye matundu. Naona raba ndiyo inastahili hofu kubwa zaidi, kwa kuwa inaua kimya. Fereti huvutwa sana na vitu laini vinavyonepa: vitufe vya rimoti, spika za masikioni, soli za ndala, vifutio, sponji ya vyombo, vizibo vya masikio, miguu ya raba chini ya kompyuta. Hakitafuni akakitema, anamega na kumeza, na kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinaweza kuziba utumbo. Rimoti ziwekwe kwenye boksi lenye kifuniko, viatu kabatini, sponji juu. Midoli ya raba inayouzwa kwa ajili ya mbwa usimpe. Ukimwona anajikwangua mdomo kwa mikono, anasaga meno, hagusi chakula, au kinyesi kimekuwa chembamba na kidogo au hakitoki kabisa, usingoje kesho. Chakula hupita tumboni mwake kwa saa 3 au 4 tu, kwa hiyo siku nzima bila kula ni muda mrefu mno. Daktari wa mifugo amwone siku hiyo hiyo. Mara nyingi tiba ni upasuaji.

Dawa zako nazo zipande juu. Ibuprofeni na parasetamoli humdhuru hata kwa kiasi kidogo, na zipu ya mkoba si kizuizi kwake. Kifuniko cha choo kishushwe, ndoo za maji zisibaki sakafuni. Balkoni asitoke kabisa, kwa kuwa hapimi vizuri umbali wa kwenda chini na huruka bila kufikiri. Wavu wa mbu wa nailoni dirishani huchanika kwa makucha. Joto likipita nyuzi 27 tafuta namna ya kulipunguza, kwani mwili wake haujui kutoa jasho la kutosha.

Hata baada ya yote haya, kizimba kinabaki. Fereti hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na usipokuwepo au ukiwa usingizini awe ndani, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2.5. Choo hukifanya kwenye kona, akirudi kinyumenyume, dakika chache baada ya kuamka. Weka trei kwenye kila kona anayoichagua badala ya kugombana naye, na uijaze punje za karatasi iliyoshindiliwa. Mchanga wa paka unaoganda humwingia puani, na maranda ya msonobari au mwerezi huudhi mapafu.

Mzoeze pia mlio mmoja, kwa mfano wa mdoli unaolia ukiminywa: uminye ulie, mpe nyama kidogo, kila siku mara tano au sita. Akipotea ndani ya kuta, mlio huo utakusaidia kuliko tochi. Mdoli wenyewe ukae mfukoni mwako, kwani nao ni raba.

Rudia ukaguzi kila mwezi, na zaidi ya hapo kila mara fundi anapoingia. Fundi bomba huondoa kola zako, hutengeneza bomba, huegemeza ubao wa kabati mahali pake bila kuubana, na kuaga. Akishatoka, lala kifudifudi tena na tochi yako kabla hujafungua kizimba.