Kanzu

Mwaka 2017 nilipatana bei ya nyumba hapa Bombo, Uganda: vyumba vitatu, shilingi milioni 38. Benki nilikuwa na milioni 40, akiba ya miaka 11 ya kuuza vitambaa. Mbili zitakazobaki nilishazipangia rangi na mlango wa chuma.

Baba, mstaafu wa jeshi, aliuliza jambo moja. "Nyumba umeiona, mwanangu. Ardhi ni ya nani?"

Kumbe muuzaji alikuwa na kibanja tu, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Ardhi ni mailo, yaani miliki ya kudumu, ya bibi mmoja wa upande wa Wobulenzi, na sheria ya ardhi ya 1998 inataka mwenye ardhi aridhie kwanza. Wakili alinieleza kuwa ingekuwa ardhi ya hati miliki ningelipa ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani anayoikadiria mthamini wa serikali. "Kwako wewe," akasema, "kuna kanzu."

Nimekua na neno hilo nikijua ni vazi la Ijumaa. Kwa Waganda ni pia malipo ya mwenye ardhi kibanja kinapobadilisha mikono.

Tulimkuta bibi barazani. Alitoa daftari la shule lililofunikwa gazeti, akashusha kidole taratibu mstari kwa mstari, kikasimama kwenye jina la muuzaji wangu: miaka 6 hajalipa busuulu, kodi ya kila mwaka ya mwenye ardhi. Moyo ulinidunda. Hakuna aliyenidokezea.

"Zamani mlileta kanzu yenyewe, imekunjwa," alisema. "Sasa ni asilimia kumi."

Milioni 3.8! Baba aliketi mkekani, akamwita yule bibi "Mama", wakazungumza habari za vita na za mihogo hadi jua likageuka. Wakaafikiana milioni 2.5.

Muuzaji alilipa busuulu yake na kushusha bei hadi milioni 37. Wakili alichukua laki 6, dalali laki 5. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye alidai asilimia kumi ili agonge muhuri. Wakili akasema hakuna sheria inayompa haki hiyo. Nilimpa laki moja, na hadi leo inaniuma, maana muhuri ni kazi yake. Zilizopungua nilizipata kwa kuuza cherehani.

Risiti ya bibi ninayo bado, kalamu ya bluu: *Kanzu, 2,500,000*, na chini yake dole gumba lake. Mlango wa chuma niliuweka miaka miwili baadaye.