Dogo wa Carolina, dogo wa Kirumba na mdomo wangu

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Charlotte kule Marekani mwaka wa tisa sasa, na kama una ndugu nje unawajua walivyo, hakuulizi mvua imenyesha au vipi, anakutumia voisi ya dakika nne analalamikia timu. Timu yenyewe inaitwa Carolina Panthers, ya ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono. Mwanzo nilikuwa namsikiliza kwa heshima tu, maana ndo alinitumia hela ya kufungulia hiki kibanda cha spea za pikipiki hapa Kirumba, Mwanza, na mtu wa hivyo humkatii simu, ila taratibu nikajikuta na mimi naangalia. Mechi zao za kwanza za Jumapili kwa huku zinaanza saa mbili usiku, Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa tatu, kwahiyo nafunga kibanda, nakula, naegesha simu kwenye ndoo naangalia wanaume wenye helmeti wanavyogongana. Mke wangu anasema ule sio mpira, ni ugomvi wenye refa.

Sasa voisi zote za kaka zina jina moja tu. Bryce Young. Kwotabeki.

Kwa ambao hamfuatilii, kwotabeki ndo mtu ambaye karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Kocha anampa mpango kupitia kispika kilichomo ndani ya helmeti, halafu ikibaki sekunde 15 kispika kinakatwa, anabaki yeye na akili yake. Mbele yake wamesimama mabonge watano wa kumlinda. Mpira ukimfikia ana kama sekunde mbili na nusu, tatu hivi, aone nani kakaa wazi, arushe, na muda huo huo kuna majitu ya kilo 120 yanamjia yamlaze chini. Akirusha vizuri tunamsifia aliyedaka. Pasi ikinyakwa na wapinzani, ni yeye. Akiangushwa, ni yeye. Ni kipa kabisa yule, tofauti yao kipa anapumua mpira ukiwa upande wa pili.

Huyu Young mwaka 2023 Panthers walimchagua wa kwanza kabisa kati ya vijana wote waliotoka vyuoni. Ili waipate hiyo nafasi ya kwanza wakawapa Chicago Bears nafasi zao kadhaa za kuchagua wachezaji, wakaongezea na DJ Moore, ambaye ndo alikuwa mpokea pasi wao mkubwa. Hebu rudia kusoma hapo. Wameuza mtu wa kudaka ili wanunue mtu wa kurusha. Yani umeuza mtumbwi ununue injini, halafu unashangaa mbona hatufiki Ukerewe.

Msimu wa kwanza alianza mechi 16, akashinda 2. Akaangushwa mara 62. Kocha aliyemchagua akafukuzwa Novemba hiyo hiyo, msimu haujaisha. Mwaka 2024 akaja kocha mwingine, mechi 2 tu, vipigo vyote viwili, dogo akapelekwa benchi akawekwa Andy Dalton, mzee wa miaka 36. Siku hiyo kaka alinitumia voisi ya kucheka tu. Kucheka mwanzo mwisho, hamna neno.

Kilichofuata mnaweza kukitafuta wenyewe ila kwa kifupi Dalton alipata ajali ya gari akaumia kidole gumba, dogo akarudi uwanjani, na alirudi sio yule. Mechi ya mwisho ya msimu huo waliwafunga Atlanta Falcons 44 kwa 38 kwenye muda wa nyongeza, pasi zake 3 za tachidauni, yani goli lao wale, na 2 kakimbia nazo mwenyewe. Msimu wa 2025 wakaongoza kundi lao wakaingia mtoano, wakatolewa na Rams kwa pointi 3. Kaka bado analalamika.

Hoja yake kubwa ni hela. Anasema mdogo wangu, hauwezi kumuonea huruma mtu aliyepewa dola karibu milioni 38 kwa miaka minne, tena za uhakika, hata wakimtema analipwa. Na hii hoja nilikuwa naikubali kabisa, yani hela nyingi lawama nyingi, mpaka yalipotokea ya Busisi.

Huku mtaani tuna timu, jina sitaji wasije wakanifuata kibandani. Kipa wetu wa siku zote kapata kazi Geita, tukabaki na dogo wa miaka 18 hivi, mrefu, mkimya. Mechi yake ya kwanza ya ndondo shuti likampita katikati ya miguu, tena shuti lenyewe la kinyonge, linakuja linapumzika njiani. Na kwa bahati mbaya yake ilikuwa kipindi kile daraja la Kigongo–Busisi la kuvukia ziwa limeanza kutumika, basi kuna jamaa nyuma ya goli akapayuka, "Busisi hiyoo! Siku hizi watu wanapita tu, hamna cha kusubiri kivuko!" Uwanja mzima ulikufa. Mi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi, na jina likabaki hapo hapo, dogo ana jina zuri tu la nyumbani kwao lakini sasa ni Busisi, hata mama ntilie pale kona anamuita Busisi.

Ningeishia kucheka ingekuwa nafuu. Kipindi cha pili nilisogea hadi kwenye chokaa nikaanza kumpigia kelele kocha, mtoe huyo, mtoe huyo mtoto anatuua, kocha we hauoni! Sauti yangu mnaijua walionizoea. Na niseme ukweli wote, nilikuwa nimewekeana elfu tano na jamaa wa Pasiansi. Nilikuwa naitetea elfu tano yangu. Hasira nyingi za mashabiki ukizichimba hazina urefu, chini unakuta mkeka uliochanika.

Dogo siku ile alilipwa soda na nauli. Sasa ndo nikawa nawaza usiku, kama hela ndo inatupa haki ya kumkaanga mchezaji, Busisi si tulitakiwa tumpigie makofi mechi nzima? Kala matusi yale yale anayokula mwenye milioni 38. Hela ni kisingizio tu, tunawatukana kwa sababu ndo wanaoonekana. Goli likiingia kila mtu kamuona kipa, nani kamuona beki wa kushoto aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu? Kwotabeki akilazwa chini nani anamtaja bonge aliyepitwa kama mlango wa duka?

Kuna kwotabeki anaitwa David Carr, huyu nae alichaguliwa wa kwanza, mwaka 2002, Houston Texans, timu ndo inaanzishwa. Msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 76. Sabini na sita! Hakuna aliyeangushwa zaidi ya hapo ndani ya msimu mmoja mpaka leo. Akakaa pale miaka mitano na hakuwahi kuwa yule waliyemtegemea, na mi siamini kama kuna binadamu anaweza kulazwa chini mara zote hizo halafu akabaki anaangalia mbele kwa utulivu, lazima macho yaanze kuangalia miguu ya watu. Wakati timu ya Buffalo walikuwa na kwotabeki wao Josh Allen, 2018, anaanza pale ni kati ya pasi 100 zinafika kama 53, watu wanamcheka. Walichofanya wale, kabla ya msimu wake wa tatu wakamletea Stefon Diggs, mtu wa kudaka. Pasi zikaanza kufika 69 kwa 100, na msimu wa 2024 ndo kachukua uchezaji bora wa ligi nzima. Subira ya Buffalo haikuwa ya kukaa wamekunja mikono. Hata huyo Peyton Manning mnaemsikia, kwotabeki gwiji, 1998 pasi 28 zilinyakwa, hakuna mgeni wa ligi aliyezidi hapo, timu ikashinda 3 ikafungwa 13, na mwakani yake ikashinda 13 ikafungwa 3.

Kaka akaniletea mfano wa kwotabeki mwingine, JaMarcus Russell. Na hapo ananishika pabaya kweli. Alichaguliwa wa kwanza 2007, Raiders, mkono kama winchi, wakampa misimu mitatu, hamna kitu, 2010 wakaachana nae. Kwahiyo sisemi kila dogo akivumiliwa anakuwa Manning. Wengi hawawi. Na sisemi tusizomee pia, mtu katoa hela yake kaingia CCM Kirumba jua la saa kumi anataka kuona mpira, mi mwenyewe Pamba walivyorudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka zaidi ya 20 nilisema nitakuwa mpole msimu mzima, upole wenyewe haukumaliza mwezi.

Ninachoangalia siku hizi ni kosa lenyewe. Ni lile lile au limebadilika? Busisi mechi ya pili miguu kaifunga kabisa, akafungwa kona. Ya tatu kona alizitoa zote, akafungwa kwa kutoka mapema, akachipiwa. Watu waliona magoli matatu kwa mechi tatu, mi nikaona makosa matatu tofauti, na mtu anayekosea kila siku kitu kipya huyo anajifunza bana. Akikosea kile kile mwaka wa tatu hapo sawa, tuongee. Na benchi pia mi siihesabu kama adhabu, Mahomes mwenyewe, kwotabeki bingwa wa Kansas City, 2017 alikaa benchi karibu msimu wote anamuangalia Alex Smith anavyofanya. Hapa Mwaloni, kwenye soko la samaki, hakuna tajiri wa mtumbwi anayempa mgeni injini usiku wake wa kwanza ziwani. Anaanza kuchota maji yanayoingia kwenye mtumbwi, anashika taa za dagaa, anatapika kidogo, miezi inaenda. Ila kuna tofauti ya kumuweka mtu benchi akajifunza na kumuweka benchi kwa sababu mimi nimepiga kelele kwenye chokaa.

Jumatano nilishuka Mwaloni kuchukua dagaa za mama mkwe, anazitaka za hapo hapo, za sokoni kwingine anazikataa kwa kuangalia tu. Nikamkuta Busisi amebeba gunia, kumbe ndo kazi yake ya asubuhi, saa kumi na moja yupo pale.

"Shikamoo kaka."

Marahaba, nikaitika haraka haraka nikitegemea hanijui. Akatua gunia.

"Si wewe kaka uliyekuwa unasema nitolewe?"

Nikaangalia dagaa. Nikaziangalia sana. Nikasema ndio, ni mimi.

"Basi Jumapili simama pale pale na sauti ile ile, ila niambie mtu akiwa anakuja kutokea pembeni. Mabeki wangu hawaongei."

Akanyanyua gunia akaondoka, na shombo lake.

Nimeshamwambia mke wangu Jumapili wasinisubiri kula. Jamaa wa Pasiansi kanipigia mara mbili kuulizia elfu tano ya mechi hii, sijapokea.