Futi ya cherehani ilinisaidia kuliko mzani

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na mwaka huu nimetimiza miaka 51. Kazi yangu ni ya kukaa. Miaka zaidi ya 20 nimepima viuno vya wanawake wenzangu, cha kwangu sikuwa nakipima. Gauni likinibana, nafungua mishono ya pembeni, nalilegeza, maisha yanaendelea.

Kilichonishtua kilitokea kwenye hitima. Tulikaa mkekani, dua ikaisha, wenzangu wakainuka, mimi goti la kushoto likagoma. Ilibidi wanawake wawili wanishike mikono waninyanyue, na mmoja wao ni bibi wa miaka sabini na kitu. Usiku ule nilichukua futi nikajipima: inchi 41. Kesho yake mzani wa kliniki, ninakochukulia dawa za presha, ukasoma kilo 86.

Nilianza vibaya, na nalisema hili ili mwingine asipite njia hiyo. Asubuhi maji ya moto na limau, mchana vipande vya tango, usiku sili kitu. Alfajiri nakimbia na binti yangu barabara ya Raskazone, yeye ana miaka 22. Siku ya tisa goti likavimba. Na ule usiku wa kutokula ulikuwa unanipeleka jikoni saa nne, nakula kiporo cha wali wa nazi nikiwa nimesimama gizani, halafu nalala nikijilaumu.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenikalisha chini. “Mama,” akaniambia, “usiutende mwili wako kama vile umekukosea.” Akanieleza kwamba hedhi inapoelekea kukoma, homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na nyongani yanahamia tumboni. Misuli nayo inapungua kadiri umri unavyokwenda, na ukijinyima chakula unaipoteza zaidi. Nilijisikia kutuliwa mzigo. Miaka miwili nilikuwa najiona mvivu tu.

Akanipa hesabu mbili. Ya kwanza, dakika 150 za kutembea kwa wiki, mwendo wa kuhema kidogo lakini bado unaweza kuzungumza, ila nianze na 10 tu kwa siku. Ya pili, sentimita 88, karibu inchi 35: kiuno cha mwanamke kikizidi hapo, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inapanda sana. Hiyo ya pili niliielewa haraka, kwa kuwa inchi ndiyo lugha yangu. Nikafungua ukurasa wangu kwenye daftari la vipimo vya wateja, nikaandika 41 na tarehe. Nikaamua kujipima mara moja kwa mwezi, basi.

Dakika 10 ni kutoka kwangu Ngamiani mpaka kona ya duka la baiskeli na kurudi. Nilikwenda na baibui langu na raba za binti yangu, baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijawa kali. Goti lilipozoea nikaongeza dakika tano, baada ya wiki mbili tano nyingine. Ilinichukua miezi minne kufika dakika 30 kwa siku tano za wiki.

Lakini kilicholiponya goti hasa ni kiti. Unakaa, unakunja mikono kifuani, unainuka bila kujishika, unakaa tena polepole. Mwanzo niliweza mara sita, tena kwa kutetemeka. Nafanya siku tatu kwa wiki, pamoja na kusukuma ukuta kwa viganja na kuinua chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Kati ya nguo na nguo, hapo hapo chumba cha kushonea. Sasa nafika 15, napumzika, narudia.

Upande wa chakula, ugali sikuuacha, na mtu asikudanganye kwamba lazima uuache. Nilibadilisha sahani: nusu matembele au mchicha, robo samaki au kunde, robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Chai ndiyo ilikuwa na kazi. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, yaani vijiko 12 vya sukari ambavyo sikuwahi kuvihesabu. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, nikitia tangawizi na mdalasini zaidi. Asubuhi, yai na kipande cha muhogo vimechukua nafasi ya maandazi manne.

Usingizi pia. Joto lile la ghafla linalokuja hedhi ikielekea kukoma lilikuwa linaniamsha mara tatu usiku, kanga imelowa, na siku nikilala vibaya ndiyo siku ninayotafuta vitumbua. Nimeacha chai baada ya alasiri, nalala na kanga ya pamba peke yake, feni karibu. Joto halijaisha, ila naamka mara moja.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno. Kwetu mwanamke akipungua, watu wanauliza kwa sauti ya chini, “Shoga, unaumwa?” Wengine wakasema mume wangu ananitesa. Nilikuwa nalia nikirudi nyumbani. Mume wangu ndiye aliyeanza kunisindikiza Jumapili, tukitembea mpaka Raskazone kuangalia bahari, na hapo maneno yakapungua yenyewe.

Imepita miezi 14. Daftari linasema inchi 37, mzani kilo 79. Ramadhani kilo mbili zilirudi, nikaanza tena baada ya Idi. Dawa ya presha bado nameza, daktari amepunguza kipimo. Inchi 35 bado sijaifikia.

Juzi jirani yangu, yule aliyeuliza kama naumwa, alileta kitambaa cha dera. Nilipomaliza kumpima akaniambia, “Hebu na mimi niandikie kwenye ule ukurasa wako.” Nikamwandikia 43 na tarehe. Jumamosi alfajiri tunaanza na kona ya duka la baiskeli, dakika 10.