Suruali ya Mbwa

Mwaka 2016 nilikuwa mlinzi wa nyumba moja ya ufukweni Jambiani. Mwenye nyumba akarudi kwao Ulaya kwa miezi mitano, akaniachia funguo, gunia la chakula na Jeki.

Kwa watu Jeki alikuwa bwege. Mtoto akimruka na baiskeli, yeye kalala. Lakini akimwona mbwa mwenzake, hata kule kwenye minazi, basi: manyoya ya mgongoni yanasimama, mkia unakakamaa kama mpini wa jembe, na mimi nakokotwa nyuma ya kamba kama ngalawa iliyokatika nanga. Na pwani yetu haina uhaba wa mbwa wa kuzurura.

Nyumbani hakukuwa na wa kumlalamikia. Mama alishaweka masharti: suruali ya mbwa ibaki kazini, na nikilambwa, nijioshe mara saba, moja kwa udongo, ndipo nipande barazani. Ndoo yangu ya udongo ilikaa nyuma ya choo. Simlaumu, nilikuwa nalambwa sana.

Siku moja maji yamejaa, pwani imebaki ukanda mwembamba baina ya ukuta na bahari. Bi mmoja wa mtaani anakuja na pweza wake kwenye mtungo, anapeleka hotelini, na nyuma yake mbwa wawili wamefuata harufu. Jeki akaruka. Nikavuta kwa mikono miwili, nikamchapa kwa ncha ya kamba, na kadiri nilivyovuta ndivyo alivyozidi kubweka. Nikaanguka mie, wakaanguka na pweza. Pweza mwenye mchanga huoshwa, lakini mmoja Jeki alishampitishia ulimi.

"We mtoto," akaniuliza yule bi, "huyo mbwa wako, au wewe ndiye wake?"

Nikamlipa kwa mshahara ambao ulikuwa haujatoka.

Jioni nikaenda kwa mjomba. Yeye ni msasi, katika wale wanaowinda nguruwe mwitu huko maweni, na kwa ukoo wetu ndiye pekee asiyekunja pua ukitaja mbwa. Wake walikuwa sita, wamejilaza chini ya mwembe, kila mmoja na lake. Hakunipa nasaha. Alinifunga kamba kwenye kifundo cha mkono, akavuta ghafla, nami nikajikaza kurudi nyuma bila kufikiri.

"Umeona? Hujaambiwa ukaze, umekaza. Sasa yeye kila akiona mbwa, unamkaba. Keshajua: mbwa akitokea, shingo inauma. Atampenda vipi?"

"Nifanyeje, mjomba?"

"Kaa mbali. Mbali pale ambapo anamwona mwenzake na bado anakusikia wewe. Akishamwona tu, mpe kitu kitamu. Mbwa kwanza, kitamu baadaye. Usigeuze."

Huo umbali nilipewa na bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, kwenye saa nne asubuhi maji yameshatoka, yamekimbilia kwenye mwamba, wanawake wameinama kwenye mwani wao, na pwani nzima imekuwa uwanja. Nilitia dagaa wakavu mfukoni, nikaanzia kama hatua mia mbili kutoka mbwa wa karibu. Jeki akitazama, dagaa. Mbwa akipotea nyuma ya ngalawa, dagaa hakuna. Kipimo changu kilikuwa mdomo wake: akimkataa dagaa, au akimnyakua mpaka akanibana vidole, tumesogea mno, turudi nyuma.

Yakija maji mafu, saa ile ile bahari iko juu, hakuna pa kukwepea. Siku hizo tulipita vichochoroni baada ya alfajiri, mbwa wengine wamelala. Bamvua ya pili tukafika hatua mia. Hapo nikaingiwa na tamaa, nikamsogeza mpaka thelathini kwa siku moja. Alilipuka kama siku ya pweza. Tukarudi mia na hamsini, na kosa lilikuwa langu.

Bamvua ya nne nilimwomba mjomba alete watatu wake. Asubuhi hiyo suruali ya mbwa ilikuwa mbichi, nimeianika, nikatoka na ile ya nyumbani. Mjomba akapita, hatua arobaini. Masikio ya Jeki yakasimama. Kamba nimeilegeza, imejilaza mchangani. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Kwenye nne akageuza kichwa, akanitazama mimi.

Dagaa walikuwa wamekwisha. Yalibaki makombo kwenye pembe ya mfuko, nikaupindua nje, akaulamba wote, mkia unapiga polepole, na mbwa watatu wanapita nyuma yake asiwajali.

Nilipofika nyumbani mama aliuona mfuko umelowa. Hakuuliza. Akaenda kuchota udongo.