Mbao zinazosubiri na mbao zinazokauka

Karakana yetu ya useremala iko Nyakato, Mwanza, na mbao zetu nyingi za paini hutoka ng'ambo ya ziwa, Buhindi. Enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi nilikuwa najaza stoo hadi juu. Fuso ingeweza kuvuka asubuhi, au ikalala kwenye foleni, na mafundi hawawezi kukaa mikono mitupu wakingoja mzigo.

Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, nikaanza kupunguza akiba. Hapo ndipo nilipoielewa vizuri kanuni ya Toyota ya kutolimbikiza akiba, ambayo watu huisimulia kana kwamba ni kufunga stoo tu. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alivutiwa na supamaketi za Marekani, nchi aliyoizuru 1956: rafu hujazwa kadiri wateja wanavyochukua. Kiwandani, hatua ya mbele huchukua vipuri inavyohitaji kutoka hatua ya nyuma, na kadi iitwayo kanban ndiyo inayoruhusu kutengeneza vingine. Kadi haijaja, hakuna kutengeneza.

Kwenye bawaba na gundi tunafanya hivyo. Boksi la mwisho lina kadi. Fundi akilifungua, kadi inakuja mezani kwangu, naagiza mjini, mzigo unafika siku hiyohiyo.

Mbao zina mambo yake. Paini iliyopasuliwa juzi imejaa maji, na ukiitengenezea mlango leo, utapinda ukiwa nyumbani kwa mteja. Tunazipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, wiki kwa wiki. Anayepita na daftari la hesabu ataona mtaji umelala. Mimi naona kazi inaendelea, na ningependa wanaotufundisha biashara watenganishe mambo haya mawili. Daraja limeniondolea mbao zilizokuwa zinasubiri kwa hofu ya foleni. Zinazokauka zimebaki palepale.

Hofu nyingine ni ya kutegemea mtu mmoja. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kiliungua. Karibu vali zote za breki za aina fulani ambazo Toyota ilitumia zilitoka hapo, na akiba ya Toyota ilikuwa ndogo sana. Viwanda vyake vingi vikasimama kwa siku kadhaa, hadi watengenezaji wengine walipojitosa kuzitengeneza.

Gundi hainisumbui, maduka ni mengi. Lakini kuna kitasa ambacho wateja wangu wa milango ya mbele hukitaka, na hapa Mwanza nakipata kwa muuzaji mmoja tu. Hicho nimekiongezea akiba, hata baada ya daraja.