Kumwachia salmoni aondoke akiwa mzima

Jana nimeona picha kwenye grupu moja la wavuvi, jamaa kamshika salmoni kwa mkia ananing'inia kichwa chini, mwili umejaa mchanga, na chini kaandika "amerudishwa salama". Roho iliniuma, kwa sababu samaki yule kuondoka aliondoka, ila kuondoka sio kupona, na mimi hilo nilikuja kulijua nimeshachelewa.

Nimekulia Pangani. Kwetu changu akishaingia kwenye ngalawa, swali linalofuata ni kama nazi ipo nyumbani. Nilipohamia Aberdeen, Uskoti, nikaanza kuvua Mto Dee nikaambiwa salmoni wote wanarudishwa, sikuelewa kabisa, yaani umtese kiumbe wa Mungu halafu umwachie? Mzee anayeongoza wavuvi pale mtoni, wenyewe wanamwita ghillie, akanikalisha akanieleza taratibu. Huyu samaki anazaliwa mtoni, anashuka baharini, wengine wanafika mpaka pande za Greenland huko, halafu anarudi mto uleule aliozaliwa aje kutaga. Akishaingia maji matamu hali tena. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, miezi na miezi, mpaka msimu wa kutaga mwishoni mwa mwaka, na jike anakuwa kabeba mayai maelfu. Sasa ukimchosha ovyo mwezi wa nne, hana chakula cha kumrudishia zile nguvu. Na wamepungua sana, Desemba 2023 salmoni wa Uingereza aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hapa Uskoti tangu 2015 sheria inasema yeyote atakayenaswa kabla ya tarehe 1 Aprili lazima arudishwe, na hata baada ya hapo watu wanarudisha zaidi ya asilimia 90 kwa hiari au kwa kanuni za mto.

Wangu wa kwanza nilimtoa nje, nikamlaza kwenye mawe, mikono ina glavu kavu za sufi, nikawa natafuta simu mfukoni nimpige picha nimtumie mjomba. Nilipomrudisha akaogelea vizuri tu. Kesho yake asubuhi nikamkuta kakwama kwenye mizizi chini kidogo ya pale, kafa, na ubavuni magamba yametoka palepale vidole vyangu vilipokuwa. Mjomba sikumtumia ile picha.

Toka siku hiyo naamini kumwachia samaki kunaanza nyumbani, unapofunga ndoano. Mimi natumia ndoano moja tu, sio zile za pembe tatu, na kile kijino cha ndoano nakibana kwa koleo mpaka kilale kabisa, ukipitisha kwenye kitambaa isishike uzi. Mshipi uwe imara, kwa sababu mshipi mwembamba unakulazimisha umzungushe muda mrefu na huko kuchoka ndiko kunakomuua, misuli inajaa asidi na pumzi inamwishia. Maji yakifika nyuzi 20 mimi sivui kabisa, maji ya moto yana oksijeni kidogo, hata ukimshika kwa upole wote wa dunia unaweza kumpoteza.

Akishakaribia, kimia kiwe cha mpira kisicho na mafundo, na kibaki ndani ya maji, samaki asitoke. Lowesha mikono kwanza, ule ute wa mwilini ndio ngao yake, ukiutoa umemfungulia magonjwa mlango. Ndoano unaitoa palepale majini, kama kaimeza ndani sana usichokonoe, kata mshipi karibu na mdomo umwache. Matamvua usiyaguse hata kidogo.

Halafu subiri, hapa ndipo wengi wanaharakisha. Mkono mmoja kwenye shina la mkia, mwingine chini ya kifua, kichwa kielekee maji yanakotoka, mahali pasipo na mkondo mkali. Usimsukume mbele na nyuma kama wengine wanavyofanya, maji yanatakiwa yaingie mdomoni yatokee kwenye matamvua, ukimvuta nyuma unamkatisha pumzi. Mwanzoni anakuwa mzito, anataka kulala ubavu. Baadaye unaona matamvua yanafunguka na kufunga kwa mpangilio, mgongo unanyooka, halafu mkia unaanza kukaza kiganjani mwako kama kamba inayovutwa. Mwaka huu nilimshika mmoja hivyo mpaka vidole vikafa ganzi, mzee kasimama pembeni hasemi kitu. Akapiga mkia mara moja akanirushia maji usoni, akaenda.

Picha ninayo moja, imepigwa na mzee, inaonyesha mgongo tu ndani ya maji. Hiyo nilimtumia mjomba. Akaniuliza ana kilo ngapi, nikamwambia sikumpima.

Msimu wa Dee unafunguliwa tarehe 1 Februari, ndoano zote nimeshabana.