Meza ya mgrivea isiyopinda

Meza yangu ya kwanza ya mbao za mgrivea ilirudi baada ya miezi miwili. Mama aliyeinunua, mkazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia simu: "Fundi, hebu njoo uone meza yako." Nikaenda. Uso ulikuwa umebonyea katikati kama sinia, na mbao mbili zimeachana kiasi cha kupitisha sarafu. Nikamrudishia pesa zake, nikaibeba hadi karakana yangu Kariobangi.

Mbao nilizinunua soko la Gikomba zikiwa mbichi. Mzee mmoja jirani alizishika tu, akasema, "Kijana wangu, hizi bado zinalia maji."

Mgrivea, au mukima kama wengi wanavyouita huku, asili yake ni mashariki mwa Australia. Uliletwa utie kivuli kwenye mashamba ya kahawa na chai, leo umejaa mipakani mwa mashamba. Kwa kuwa unapatikana kirahisi, mafundi wengi huuona ni wa masanduku na wa kumwagia zege. Wanauonea. Ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo hutoa mabaka yanayometameta kama hariri, na ukiugeuza kwenye mwanga yanacheza. Rangi yake ni ya waridi iliyokolea hudhurungi.

Safari ya pili nilinunua mbao za inchi moja, nikazipanga chini ya mabati, kivulini, upepo ukipita. Kati ya ubao na ubao niliweka vijiti kila baada ya futi mbili, kila kijiti juu ya mwenzake, maana vikipishana ubao unajifunza kupinda papo hapo. Ncha nilizipaka rangi iliyobaki ya ukuta: maji hutoka upesi zaidi nchani, na hapo ndipo mipasuko huanzia. Juu nikaweka mawe.

Kipande kimoja nilikipima kila Jumamosi kwa mizani ya jikoni. Kilianza na gramu 1,140. Kilishuka haraka, kisha polepole, na mwezi wa saba tangu nizipange kikasimama kwenye 690 wiki tatu mfululizo. Hapo nikachukua randa.

Vaa mikono mirefu. Mti huu huwasha ngozi, na mimi ulinitoa vipele mikononi siku nne. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome niliikata yote, kwani wadudu huipenda na kuigeuza unga. Usiuweke nje wala ugusane na udongo, mchwa wataumaliza.

Uso sikuugandisha kwenye fremu kwa gundi. Niliufunga kwa skrubu kwenye matundu marefu, upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa.

Meza hiyo nilimpelekea mama yuleyule mwezi wa Agosti. Mvua za vuli zilipokwisha nilipita kwake, nikalaza rula juu ya uso, kutoka pembe hadi pembe. Hakukuwa na mwanga chini yake.